Mtu wa Saundi Asije

Kijiwe chetu kinaitwa Pumba. Wageni hudhani ni tusi, sisi tunasema ni jiografia, kwa sababu kiko nyuma ya mashine za kukoboa mpunga hapa Kahama, na upepo ukigeuka pumba zinatua kwenye kofia, kwenye kashata na kwenye kahawa, mtu unakunywa huku unatafuna. Lakini siapi kwamba jina halina ile maana nyingine. Benchi ni moja, refu, na mguu wake mmoja umeegemezwa kwenye gololi ya karasha iliyochoka kusaga mawe ya dhahabu. Kahawa ni ya Salmini, mtu asiyeongea sana maana mdomo wake una kazi ya kupuliza mkaa. Mimi wananiita Wembe kwa kuwa ni kinyozi, ingawa wenye roho mbaya wanasema ni kwa ajili ya ulimi. Alasiri hiyo nilifunga kibanda changu mapema, watu wakabaki na ndevu zao, kwa sababu habari niliyosikia haikuwa ya kusimuliwa na mtu mwingine. Luka wetu, ambaye kesho yake tulikuwa tumpeleke Didia kujitambulisha kwa wazazi wa Juliana, alikuwa ameletewa ujumbe. Nilimkuta amekaa mwisho wa benchi, mikono katikati ya mapaja, na Luka mikono yake haijawahi kukaa.

Aliyeuleta ujumbe ni mshenga wake, Donatus, mwalimu wa kwaya, tunayemwita Besi kwa sababu ya sauti inayotoka kisigino.

BESI: Narudia kwa faida ya Wembe. Nimepigiwa simu na mjomba wa binti, mzee Ngassa. Nanukuu: "Mtu wa saundi asije."

WEMBE: Basi?

BESI: Basi. Mtu akishaambiwa asije, neno gani tena linafuata? Nikakata simu. Mficha uchi hazai.

WEMBE: Hiyo methali inaingiaje hapo?

BESI: Imeingia. Wewe ndiye hujaiona.

WEMBE: Si ungempigia tena umuulize vizuri?

BESI: Mshenga hapigi simu kuulizia tusi. Ushenga una heshima yake.

Nikamgeukia Luka. Kazi yake ni kukodisha muziki. Ana spika nne, miksa moja ya kuchanganya sauti na jenereta linalokohoa, na kwenye kila boksi ameandika kwa rangi nyekundu LUKA SAUNDI. Huko vijijini hawamjui kwa jina jingine. Anaitwa mtu wa saundi, kama mwingine anavyoitwa fundi baiskeli. Luka alimpata Juliana kwenye harusi huko huko Didia. Alishika kipaza sauti mbele ya kijiji kizima akasema: "Mwenye gauni la kijani nakuomba usicheke, kila ukicheka jenereta langu linazima." Na jenereta likazima kweli, mafuta yalikuwa yamekwisha. Watu wakapiga vigelegele.

WEMBE: Juliana yuko hapo mashineni anapima mchele. Nyanyuka ukamuulize.

LUKA: Siwezi, kaka Wembe. Nikifika mbele yake nitaanza kuongea.

WEMBE: Si ndiyo maana ya kwenda?

LUKA: Hunielewi. Nitaanza kuongea.

Hapo akadakia Duara. Jina lake ni Ndaki, alichimba Rwamgasa miaka mingi kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, akatoka na kikohozi na falsafa.

DUARA: Tuliangalie hili jambo kwa taa ya kichwani. Huyu mzee wa Didia amesema saundi. Saundi ziko mbili. Kuna saundi hizi za spika, na kuna saundi za mdomo, za kumlainisha mtu huku moyoni huna habari naye. Amekataa ipi?

LUKA: Kama ni za spika, leo hii nauza. Nauza zote nne, na jenereta nalitupa. Nitakwenda kulima mpunga.

BESI: Na kama ni za mdomo?

LUKA: Mdomo nitamuuzia nani?

Alisema hivyo na hakucheka. Hapo ndipo nilipojua kwamba kijana kakamatika. Huyu ni mtu aliyewahi kumsifia trafiki kofia mpaka trafiki akasahau alichomsimamishia.

BANDARI: Poleni, lakini hamwezi kujua maana ya neno bila kujua lilikozaliwa.

Huyo ni Sabiti, fundi cherehani, tunayemwita Bandari. Babu yake alitoka Pangani na kitambaa begani, kwa hiyo Sabiti anaamini Kiswahili ni mali ya ukoo wao na sisi wengine tumeazimwa.

BANDARI: Saundi ni Kiswahili cha pwani, tena safi. Ni maneno mawili. Saa, na unda. Saa-unda. Mtu anayeunda uongo saa hiyo hiyo, papo kwa papo, wala hakuja nao kutoka nyumbani. Bara mkashindwa kulitamka, mkasema saundi. Na ushahidi upo. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

DUARA: Hiyo si inahusu vyombo vya majini?

BANDARI: Na maneno ya Luka hayaelei?

Salmini akajaza vikombe.

LUKA: Jamani, saundi ni Kiingereza. Ni sauti tu. Hata kwenye boksi la spika wameandika.

BANDARI: Kiingereza! Mzungu ana maneno matamu yule? Umewahi kumsikia mzungu anabembeleza?

BESI: Kaa kimya, Luka. Wewe ni mgonjwa, waache madaktari wabishane.

DUARA: Bandari, cherehani imekuziba masikio. Saundi imetoka chini ya ardhi. Sikilizeni. Ukishuka kwenye duara, kabla hujasogea mbele unachukua mtalimbo, unagonga mwamba wa juu ya kichwa chako. Ngo! Unasikiliza. Mwamba uliokaza unajibu kwa ukali, kama mwanamke uliyemkosea. Huo ni mzima, pita. Lakini ukigonga ukajibiwa kwa sauti nene, tamu, kama ngoma ya halusi, kimbia! Hapo umeachana, ndani patupu, unataka kushuka. Sasa siku moja kijana mmoja aligonga akasema, oo, sikieni saundi hiyo. Akasimama kuisikiliza.

WEMBE: Ikawaje?

DUARA: Mpaka leo anachechemea. Tangu siku hiyo, kitu chochote kinacholia vizuri na ndani hamna kitu, tunaita saundi. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

BANDARI: Unasema halusi, halafu unataka kutufundisha Kiswahili.

DUARA: Yaya, sivyo! Mimi nakufundisha mwamba. Kiswahili utajifundisha mwenyewe.

BESI: Nyote mmepotea, na kupotea njia ndiko kujua njia, ila nyie hamtajua. Neno hili limo kwenye Maandiko.

WEMBE: Saundi imo kwenye Biblia?

BESI: Wamo wenyewe wawili. Mfalme Sauli alimwita Daudi aje ampigie kinubi. Akamwambia mwanangu, kipenzi changu, njoo uoe kwangu. Huku mkononi ana mkuki! Akamrushia! Sasa chukua Sauli, chukua Daudi, uwatamke kwa haraka. Sauli Daudi. Saudaudi. Saundi.

DUARA: Duh.

BESI: Rudia mwenyewe.

Tukarudia. Ukitaka kujua jinsi mtu mzima anavyoweza kupotea, kaa kwenye benchi watu wanne wanasema "Sauli Daudi, Sauli Daudi" kwa kasi inayoongezeka, mpaka mama mmoja aliyepita na ndoo ya pumba akafanya ishara ya msalaba. Na kweli, kama mara ya kumi, nilisikia saundi. Au nilitaka kuisikia. Luka alikuwa ameziba uso kwa viganja viwili.

Sasa mimi nina tabia moja mbaya. Nikiona kila mtu ana lake, langu linaniwasha.

WEMBE: Wakubwa, hayo yote mazuri, lakini saundi ni jina la mtu. Alikuwa dalali wa ng'ombe, anazunguka kwenye minada yote huku kwetu, enzi za babu zetu. Ukimpa ng'ombe kipofu akuuzie, anamwambia mnunuzi: "Mzee, ng'ombe huyu ana adabu, haangalii vya watu."

DUARA: Eeh!

WEMBE: Ukimpa anayechechemea, anasema: "Huyu hata ukisahau kufunga zizi, asubuhi utamkuta." Ukimpa asiyetoa maziwa: "Huyu hataki kukuamsha alfajiri, anakuonea huruma."

BESI: Na wanunuzi wanakubali?

WEMBE: Wananunua, wanamshukuru, na wanampa kuku. Siku moja akaletewa ng'ombe aliyekwisha kufa. Akamtazama, akamzunguka, akasema: "Huyu mpole, sijapata kuona."

Duara alicheka mpaka kikohozi kikampanda, Besi akampiga mgongoni, kahawa ikamwagikia suruali ya Bandari, Bandari akaanza kulalamika kwamba ni kitambaa cha Mwanza. Ilikuwa raha tupu. Hata Salmini aliacha kupuliza mkaa.

BANDARI: Ngoja. Huyo dalali jina lake kamili?

WEMBE: Saundi.

BANDARI: Saundi nani? Wa wapi? Kazikwa wapi?

WEMBE: Wa huko huko.

BANDARI: Umemtunga sasa hivi!

WEMBE: Sasa hivi vipi?

BANDARI: Saa hii hii! Umeunda saa hii hii! Saa-unda! Jamani mmeona? Mmeona?

Akasimama akatupa mikono juu kama timu yake imefunga. Nilishindwa kwa mdomo wangu mwenyewe, na inauma, nasema wazi. Kwenye kijiwe unaweza kusamehewa uongo, lakini husamehewi kuthibitisha hoja ya mwenzio.

Luka akaondoa viganja usoni.

LUKA: Mmemaliza? Basi niambieni. Kesho naenda au siendi?

Tulikuwa tumemsahau.

DUARA: Nenda bila spika.

BESI: Asiende. Ameambiwa asije. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na pale wana mbwa.

BANDARI: Aende na spika, lakini asiongee. Ataongea Besi.

LUKA: Nataka kumuoa Juliana, jamani. Mimi sitanii. Wasichana wengine niliwaambia maneno nikarudi nyumbani nikalala. Huyu nikimwambia kitu silali. Naanza kujiuliza kama ni kweli.

Salmini, ambaye tangu tufike alikuwa hajasema ila "sukari hakuna", akaweka birika chini.

SALMINI: Mfanyieni jaribio. Mwambieni aseme neno moja kwa huyo binti lisilo na saundi. Akiweza, aende.

Wazo la maana kuliko yetu yote, na lilituudhi kwa sababu hiyo. Tukamsimamisha Luka mbele ya benchi. Besi akajifunga kikoi cha Salmini kichwani akawa Juliana, na sauti yake ile.

LUKA: Juliana, tangu siku nilipokuona, maji ya kunywa yananikaba...

WOTE: Saundi!

LUKA: Juliana, wewe ukipita barabarani, hata matuta yanajilaza...

WOTE: Saundi!

LUKA: Juliana, nitakupenda mpaka dhahabu yote ya Geita iishe...

DUARA: Hiyo ni saundi na ni matusi kwa wachimbaji.

BANDARI: Kijana, acha kupamba. Sema kitu ambacho hata hakimu atakikubali.

Luka akafikiria. Jasho lilimtoka. Midomo ilikuwa inajaribu maneno na kuyatema.

LUKA: Juliana... una viatu.

BESI: Nakushukuru, Luka.

DUARA: Hiyo ni kweli. Lakini mtu haolewi kwa hiyo.

LUKA: Juliana, unapima mchele vizuri. Huminyi mizani.

Hapo hakuna aliyeita saundi, kwa sababu hiyo ilikuwa kweli na ilikuwa nzuri, na wake zetu wote wananunua mchele kwake. Bandari akasafisha koo. Lakini Luka akaona amepata njia, akaharibu.

LUKA: Na mizani yenyewe ikikuona, inasahau uzito...

WOTE: Saundi!

Tulipiga kelele hiyo kwa nguvu hivi kwamba hatukuona mtu amesimama pembeni ya jiko. Alikuwa Juliana. Mikono yake ilikuwa nyeupe kwa vumbi la mchele mpaka kwenye viwiko, kanga kiunoni, na alikuwa anamtazama Besi mwenye kikoi kichwani.

JULIANA: Shikamooni.

Tukaitika marahaba kila mtu kwa sauti yake na wakati wake. Mwanamke kijana haji Pumba, hasa kuamkia wazee ambao mmoja wao anajifanya yeye. Besi alivua kikoi polepole akakikunja vizuri mno, kama nguo ya altare.

JULIANA: Mwalimu, mjomba anasema ulimkatia simu.

BESI: Nilikata kwa heshima, mwanangu.

JULIANA: Hakuwa amemaliza. Amekupigia tena, hupokei.

BESI: Nilidhani anataka kurudia.

JULIANA: Maneno yale ni yangu. Baba hajasema kitu. Mimi nilimwomba mjomba awaambie hivi: mtu wa saundi asije, aje Luka.

Nilimtazama Besi. Bandari alimtazama Besi. Duara alimtazama Besi kwa muda mrefu zaidi, na naamini kama tungekuwa Rwamgasa angemshusha kwenye shimo bila kamba. Mshenga mzima anabeba nusu ya ujumbe, anatuletea nusu hiyo, na sisi tunaipeleka mpaka kwa Mfalme Sauli!

BANDARI: Samahani, binti yangu. Kwa upande wa lugha, hao si mtu mmoja?

JULIANA: Na mimi ndicho ninachotaka kukijua, baba. Huyu kila siku ananiambia maneno mazuri. Nacheka, nakwenda nyumbani, nikifika sikumbuki amesema nini kuhusu yeye. Nyie wazee wangu mnakaa naye hapa siku zote. Akiacha saundi, Luka yukoje?

Swali dogo, la kujibiwa na mtoto. Nikafungua mdomo kwanza, kama kawaida yangu. Nimemnyoa Luka tangu ndevu zake za kuhesabika. Nalijua kovu la kisogoni kwake, najua sikio lipi linamtekenya, najua timu yake na vituko vyake vyote. Mdomo ukabaki wazi na hakikutoka kitu. Nikamtazama Duara anisaidie, Duara akatazama gololi ya karasha chini ya benchi. Bandari, mwenye Kiswahili cha ukoo, akakung'uta suruali iliyokwisha kukauka. Nilijisikia vibaya. Tumecheka na mtu huyu kila siku ya Mungu na hatumjui.

Luka alikuwa bado amesimama pale tulipomsimamisha.

LUKA: Naogopa.

JULIANA: Unaogopa nini?

LUKA: Kesho. Baba yako ataniuliza watu wa kwetu ni akina nani. Mimi nimelelewa na mama wa jirani, wa kwetu simjui hata mmoja. Nimeongea sana ili mtu asifike kwenye hilo swali. Na wewe nakuogopa. Nikinyamaza naona kama utaondoka.

Alisema hayo kwa sauti ndogo, ya kawaida, isiyo na mwangwi wowote. Sikuwa nimewahi kuisikia. Machozi yalinijia, sifichi, nikayasingizia moshi wa Salmini.

JULIANA: Sasa hivi umenyamaza. Nimeondoka?

LUKA: Hapana.

JULIANA: Haya. Huyo ndiye aje kesho. Saa nne, msichelewe.

Akageuka kuondoka, akasimama.

JULIANA: Na spika uje nazo. Baba anazitaka. Tangu ile harusi anaulizia muziki wa mtu wa jenereta.

Alipofika kona ya mashine alianza kukimbia, na tulimwona kabisa akiruka kidogo, kama msichana aliyeruhusiwa kutoka darasani. Pale kijiweni ikawa fujo. Duara alimbeba Luka juu juu na kikohozi chake, Bandari akatangaza kwamba atamshonea suti usiku huo huo na asiyetaka ahame mji, Besi akawa anampigia mzee Ngassa simu na kujieleza kwa sauti iliyofika stendi. Luka alikuwa anacheka na kulia kwa zamu. Mimi nilimshika kichwa nikamwambia akae, nimnyoe hapo hapo, maana kwa kichwa kile haendi ukweni nikiwa hai.

SALMINI: Wakubwa, kabla hamjasambaa. Mmeniambia saundi ilikotoka, mmeniambia mpaka kwa Sauli. Hii aliyoongea Luka mwishoni, ambayo si saundi, inaitwaje?

Besi akashusha simu. Bandari akainua kidole, akakitazama, akakirudisha.

DUARA: Mimina kwanza, tufikirie.

Salmini akaliinamisha birika mpaka mdomo ukatazama chini. Yakatoka machicha.